Jasho Walilodhani ni Toba

Usingizi wa mwisho wa maana nilioupata kabla ya miaka yangu ya kukesha nilipewa kwa kitambaa puani. Daktari wa hospitali ya misheni alikidondoshea dawa yenye harufu kali ya utamu, akaniambia nihesabu, nami nikafika saba. Nilipoamka tumbo lilikuwa limeshonwa, na vifuko vya mayai alivyonipa Mungu vilikuwa vimetupwa sijui wapi. Titi la kushoto lilikuwa limetangulia miezi mitano kabla. Tangu siku hiyo, kwa miaka minne na zaidi, sikulala kama watu wanavyolala. Sijui kama nimlaumu daktari yule au nimshukuru, kwa sababu ninayaandika haya nikiwa na wajukuu, na yeye amekwisha kufa siku nyingi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa ikiwa na bei, watu wakiezua nyasi na kuezeka mabati. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na watoto wanne. Mimi na mume wangu ni Wahaya wa Muleba, Walutheri wa kuzaliwa, tuliohamia Kihanga, huko Karagwe, kwa sababu yeye alikuwa karani wa kununua kahawa. Wenyeji walituita wageni wa heshima. Maana yake ni kwamba kila mtu alijua jana tulikula nini.

Uvimbe niliukuta nikioga. Ulikuwa mgumu, mdogo kama tunda la kahawa, nami niliuficha miezi mitatu kwa akili zangu zote, nikijiambia ni maziwa yaliyosahaulika mle ndani. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Ulipofika ukubwa wa yai la njiwa nilimwambia mume wangu, naye akanipandisha kwenye lori la kahawa, juu ya magunia, akanipeleka hospitali. Nimpe haki yake: hakumwuliza mganga, wala hakumwuliza mama yake.

Mara ya kwanza daktari alikata titi. Mara ya pili, vijivimbe vingine vilipojitokeza karibu na kovu, aliniketisha kitini na kunieleza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, muuguzi wake akimsaidia palipokwama. Muuguzi huyo alikuwa binti wa Kinyambo, kabila la wenyeji wa huko, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Daktari alisema ugonjwa huu unalishwa na mwili wangu wenyewe. Mayai yanatoa kitu kinachoingia katika damu na kuushibisha. Yakiondolewa, ugonjwa utakaa na njaa. Hakuahidi kwamba utakufa, alisema utakaa na njaa tu. Nilimwuliza muuguzi kama nitaota ndevu. Alikataa kulitafsiri swali hilo.

Lakini ni yeye aliyeniambia ukweli, daktari alipokwisha kutoka.

"Mama, utapata joto," alisema.

"Joto gani?"

"Lile la akina mama wanaokoma kuzaa. Wao huwajia kidogo kidogo. Wewe litakujia lote mara moja. Na usingizi utakuwa wa shida."

Nikamwuliza ni kwa muda gani. Alitazama mlango, akasema daktari hakueleza.

Nilimshukuru, na moyoni nikamcheka. Mtu aliyekulia Muleba kando ya ziwa, akaletwa Karagwe kwenye baridi, atashindwaje na joto kidogo? Hata nilifikiri litanifaa.

Lilianza siku ya kumi na moja. Lilitokea kifuani, upande ule ule usio na kitu, likapanda shingoni, likafika masikioni, uso ukawa kama wa mtu aliyeinamia chungu cha ndizi kinachochemka. Jasho lilitoka mpaka nyuma ya magoti. Baada ya dakika chache lote likaondoka, nikabaki nimelowa na kutetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Mchana lilikuja mara sita au saba. Usiku sikuweza kuhesabu, kwa sababu kila nilipoanza kusinzia ndipo lilipobisha hodi.

Wanaoijua Kihanga wanazijua asubuhi zake. Ukungu unapanda kutoka upande wa Kiruruma, unakaa kwenye migomba mpaka saa tatu, na watu wanatembea wamejifunika mablanketi kama maiti waliobadili nia. Katika hali hiyo mimi nilikuwa nafungua madirisha. Mume wangu alivumilia juma moja. Juma la pili akaanza kulala na koti lake la kazini, limefungwa vifungo vyote. Juma la tatu akatangaza kwamba, kwa ajili ya mapumziko yangu, atahamia chumba cha watoto. Nilimshukuru kwa kujinyima. Alikuwa akikoroma kabla sijamaliza kushukuru.

Kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa mtaalamu wa usingizi, hasa wale ambao hawakuwahi kuukosa. Niliambiwa nile maharagwe jioni, kisha nikaambiwa na mwingine kwamba maharagwe ndiyo yanayonikesha. Niliambiwa ninywe maziwa ya moto, jambo ambalo mtu anayeungua kwa ndani hulipokea kwa furaha kubwa. Jirani mmoja alisema nilale kichwa kimeelekea Bukoba, ili damu ikumbuke kwao. Nilijaribu, nikagundua kwamba naweza kukesha nikielekea upande wowote.

Yaliyosaidia yalikuwa machache. Jioni nilikata jani bichi la mgomba nikalitandika juu ya godoro, chini ya shuka. Jani la mgomba linahifadhi ubaridi. Likipata moto unaligeuza. Lilikuwa likilia chini yangu kila nilipojigeuza, na mwanangu wa tatu aliuliza mchana kama chumbani kwangu nimefuga mbuzi. Kando ya kitanda niliweka beseni la maji ya kisima, nikachovya miguu. Nililala na khanga mbili, moja ya kulowesha na moja ya kubadilisha. Na niliacha kahawa, kwa sababu muuguzi alisema kahawa ya kutafuna inafukuza usingizi na kuita joto. Fikiria Mhaya aliyeacha kahawa, tena mke wa karani wa kahawa, katika nyumba ambayo hata mito ilinuka kahawa. Wageni walipoletewa kikapu kidogo cha kahawa mimi sikuchukua hata punje, na baadhi yao nao wakaacha kuchukua, wakidhani najua jambo.

Daktari alinipa vidonge vyeupe vya kulalia. Nililala kama gogo na kuamka kama gogo. Siku moja nilitia chumvi kwenye mboga mara tatu, na mume wangu akaila yote bila neno, kwa hofu. Vilipokwisha sikuomba vingine.

Muuguzi alikuwa ameniambia pia kwamba nisilale kitandani nikipigana na usingizi. Niamke, nikae mahali, nifanye kitu kisicho na utamu, mpaka macho yenyewe yakubali. Basi nikawasha taa sebuleni na kuanza kusoma kijitabu cha mume wangu cha kanuni za kuanika kahawa na kuipanga katika madaraja. Sijapata kusoma kitu chenye nguvu kama kile. Ukurasa wa kwanza ulituliza moyo, wa pili ulilegeza viungo, na sikumbuki kama niliwahi kuufikia wa tano. Kwa msaada wake nilipata saa mbili, siku nyingine tatu, kabla ya jogoo kuwika, na kwa wakati ule huo ulikuwa utajiri.

Sasa nieleze habari ya kanisa.

Miaka ile uamsho ulikuwa umeingia makanisani kwetu. Walioguswa nao waliitwa waliookoka, na kila Jumamosi alasiri walikutana kuungama dhambi mbele ya watu wote. Simdhihaki aliyetubu kwa kweli. Niliona watu wakirudisha majembe waliyoiba, na nilimwona mwanamume mmoja akiacha kumpiga mkewe, na hakurudia. Lakini toba ilikuwa pia na mashindano kidogo ndani yake, na bingwa alikuwa mjane mmoja wa Kiruruma, mrefu, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Watu wote walimwita Dada, hata waliomzidi umri. Dada alikuwa ameungama kila kitu, mpaka bonge la chumvi alilolilamba kwa shangazi yake akiwa na miaka mitano. Kwa kuishiwa na dhambi zake mwenyewe, alikuwa amehamia kwenye zetu.

Nilihudhuria kwa sababu mke wa karani asipohudhuria husemwa. Jumamosi moja kanisa lilijaa, mabati mapya yamekusanya jua la mchana kutwa, nami nimekaa benchi la tatu upande wa wanawake. Mwinjilisti alihubiri, kwa bahati yangu, juu ya moto wa milele. Joto likaja. Niliondoa khanga ya mabegani, kisha kitambaa cha kichwani, nikaanza kujipepea kwa kitabu cha nyimbo. Jasho lilinitiririka machoni mpaka nikawa napangusa kama mtu anayelia. Nikasimama ili nitoke nje kwenye hewa. Hapo pakatokea jambo jingine: mahali pa titi nilikuwa nimejishonea kifuko, na kwa sababu pamba ilikuwa nyepesi mno nilikijaza ulezi. Niliposimama kifuko kikateleza. Nikakidaka kwa mkono na kukibana kifuani.

Kwa waliokaa nyuma, picha ilikuwa wazi. Mke wa karani amesimama katikati ya mahubiri, kichwa wazi, machozi tele, anajipiga kifua.

Dada alianzisha wimbo wa shangwe. Wanawake wakanizunguka, kumi au zaidi, wakanikumbatia kutoka kila upande, na mtu mwenye joto hana kitu anachokihitaji kuliko hicho. Dada aliniambia sikioni kwamba jambo lile linanichoma kwa sababu nimelifungia moyoni, nilitoe. Nilimwambia nataka kwenda nje. Akawatangazia wenzake kwamba Shetani ananivuta nje, nao wakanibana zaidi. Kisha joto likaondoka kama kawaida yake, nikaanza kutetemeka, na hilo nalo likachukuliwa kuwa dalili njema. Walikubaliana kwamba nimekaribia kuungama. Labda Jumamosi ijayo.

Jumamosi iliyofuata lilinijia tena, na nyingine, na nyingine. Kanisa lilianza kujaa mapema. Watu walitoka mbali kuja kumtazama mama anayechomwa na dhamiri na bado anafunga mdomo. Wakati huohuo wapita njia wa alfajiri walikuwa wameiona taa sebuleni kwangu, nami nikiwa nimeinamia kijitabu, na habari ikaenea kwamba nakesha nikisoma Neno. Kwa hiyo mchana nilikuwa mwenye dhambi kuu na usiku nilikuwa mtakatifu, na sehemu zote mbili nilizicheza bila kulala.

Dada alikuja nyumbani mara tatu na wenzake wawili. Aliuliza kwa upole kama ni uzinzi. Aliuliza kama nilikwenda kwa mganga kumroga mtu. Nilijibu kwamba nilifanyiwa upasuaji hospitali, kama wote walivyojua, na kwamba jasho linatokana na huo. Akasema upasuaji ulikuwa wa kifua na tumbo, haukuwa wa roho. Sikuyataja mayai. Kulikuwa na maneno ambayo mwanamke wa miaka ile hakuyasema hata gizani, na mimi, pamoja na ulimi wangu wote, nilikuwa mwanamke wa miaka ile. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka leo, kama watu wasingechoka kusubiri na kuanza kujijibu wenyewe.

Jibu walilolipata lilikuwa mizani. Karani anapima kahawa ya wakulima, mke wa karani ana siri inayomchoma, basi siri ni mizani. Mume wangu alikuwa mtu mkavu, asiyependa mzaha, na aliyekuwa akiifuta mizani ile kwa kitambaa kila asubuhi kama uso wa mtoto. Jioni moja alirudi amekunja uso. Wakulima wawili walikuwa wamekataa kupimiwa mpaka aje mtu mwingine. Alikaa bila kuvua viatu.

"Mama watoto," alisema, "sema kitu Jumamosi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema uliiba kuku."

"Niliiba kuku wa nani?"

Alifikiri kwa makini sana. "Wa marehemu bibi yako," alisema. "Hatabisha."

Nilicheka, naye hakucheka, alitoa mfukoni kitambaa cha kufutia mizani akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, hata siku ile juu ya magunia ya lori. Ndipo nilipoona kwamba ukimya wangu wa heshima ulikuwa unalipiwa na mtu mwingine.

Jumamosi nilivaa gauni langu la Krismasi. Sikungoja joto linisimamishe, nilisimama mwenyewe, wimbo wa pili ulipokwisha. Nje nilisikia kuku wa mwinjilisti akiparua. Nilisema kwa Kihaya, na kwa Kihaya maneno hayo hayavai nguo.

"Ndugu zangu, mmenisubiri majuma saba," nilisema. "Nilichonacho ni hiki. Niliugua titi ugonjwa wanaouita kansa, daktari akalikata. Ulipotaka kurudi, akanipasua tumbo akaondoa mayai. Mwanamke akiondolewa mayai hupatwa na joto na hukosa usingizi. Hilo ndilo mnalolitazama hapa kila Jumamosi. Taa mnayoiona si ya maombi, ni ya mtu aliyeshindwa kulala. Hapa kifuani pana ulezi. Na mizani ya mume wangu ni nzima. Sina zaidi."

Nikakaa. Hakuna aliyeanzisha wimbo wa shangwe. Wanaume walitazama mabati, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba yanavuja. Mwinjilisti, ambaye alikuwa kijana bado hajaoa, alivisoma viatu vyake kwa muda, kisha akatutaka tuimbe wimbo wa mavuno, ingawa tulikuwa katikati ya kupanda. Dada hakuimba. Nilidhani ana hasira.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula, mume wangu aliuliza ulezi huo ni wa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa viganja viwili. Akatafuna, akameza.

"Utaota," alisema. "Kwa jasho hilo, utaota."

Juma lile alikwenda Murongo, kule mpakani, kwa kazi zake, akarudi na pamba safi ya dukani iliyofungwa kwenye karatasi ya bluu, pamoja na kokoto chache laini alizoziokota mtoni, ili zikae katikati na kuipa uzito. Alikuwa amezipima kwa mizani yake. Usiku ule alirudi chumbani kwetu, na koti lake.

Kisha wanawake wakaanza kuja. Walipitia nyuma, kwenye migomba, kila mmoja na sababu yake: kuazima ungo, kuomba moto, kuuliza kama nimemwona mbuzi. Wakishakaa, sababu husahauliwa. Wengi walikuwa wamekoma kuzaa na walikuwa na joto lile lile, nao kwa miaka mingi walidhani wamerogwa na wake wenza. Niliwafundisha habari ya jani la mgomba na beseni. Niliwakataza kahawa, na hapo ndipo wengi waliponiaga. Mmoja aliniomba kile kijitabu, nikakataa kukitoa. Huruma yangu ilikuwa na mpaka.

Dada alikuja alasiri moja ya mvua, peke yake, amejifunika jani la mgomba kichwani. Nilimkaribisha, tukasalimiana kirefu kama inavyopasa. Majuma saba nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia siku nitakapompata bila kundi lake. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, makali mwishoni. Akaketi juu ya mkeka, hakufungua Biblia, hakuomba.

"Lako lilikuwa linauma?" aliuliza.

"Halikuuma. Ndiyo maana nilichelewa."

Alishika kifungo cha juu cha gauni.

"Langu pia haliumi," alisema.

Alifungua gauni. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani, imekunjamana, na chuchu imegeuka upande kama jicho linalokataa kutazama. Alikuwa nalo tangu msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, si huu, ule uliotangulia. Alikuwa akiliombea. Alikuwa ametubu na kutubu, akichimba kila siku dhambi nyingine iliyosahauliwa, akidhani pengine ni hiyo ndiyo inayolizuia lisiondoke. Nilielewa basi habari ya bonge la chumvi. Yale maneno yangu makali nilijaribu kuyatafuta, sikuona hata moja linalofaa.

Nilimwambia kesho kuna lori. Akasema watu watasema amepungukiwa imani. Nikamwambia awaambie kwamba mimi ndiye niliyeitwa tena hospitali, na yeye ananisindikiza kwa upendo. Alinitazama sana, mtu yule aliyekuwa ameungama hadharani mpaka ndoto zake, kisha akasema kwamba huo utakuwa uongo.

"Utautubu ukirudi," nilimwambia.

Kwa hiyo Kihanga yote ilijua kwamba Dada, pamoja na kazi zake nyingi, anamsindikiza mke wa karani. Niliombewa kwa machozi, nikiwa mzima, na watu wawili walileta kuku. Hospitali daktari alimpapasa, akatikisa kichwa, akamwambia amechelewa, kisha akamkata siku iliyofuata. Mayai hakuyagusa. Kwa umri wa Dada, alisema, yalikwisha kulala yenyewe. Nilikaa naye siku tisa, nikilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, kama kule kunaweza kuitwa kulala. Muuguzi wangu alipoona macho yangu hayafumbi alinipa kazi ya kuviringisha bendeji. Nadhani niliziviringisha bendeji za hospitali ile za mwaka mzima.

Tulirudi juu ya magunia matupu. Njiani, lori lilipopunguza mwendo kwenye kilima, Dada aliniuliza kama nilimchukia.

"Ndiyo, waitu, ndugu yangu," nilisema. "Hasa Jumamosi."

Alicheka mpaka akashika jeraha. Akasema naye aliniona nina kiburi. Nikamwambia ninacho bado.

Hakuungama jambo lile. Jumamosi iliyofuata alisimama, amevaa sweta pana, akamshukuru Mungu kwa kunirudisha mimi salama. Watu wakaitikia. Nilikaa benchi la tatu nikitoka jasho kwa amani, na hakuna aliyenikumbatia. Tangu siku ile aliacha kuwatembelea watu kuwauliza dhambi zao. Walisema ametulia kwa uzee.

Joto langu lilipungua polepole. Mara saba kwa siku zikawa nne, nne zikawa mbili. Halikuniaga. Mwaka wa tano niligundua tu kwamba nimelala mpaka ndege wameanza, nikaogopa, nikajishika kifua kuona kama moyo unapiga. Vijivimbe vya kovu vilikuwa vimekauka kitambo. Daktari, ambaye alikuwa akinishika mkono kila mara kama mtu asiyeamini, aliniambia wengi hawapati miaka hiyo. Sikumwuliza wengi ni wangapi.

Dada alipata minne. Kisha ugonjwa ukaingia mgongoni. Binti yake, aliyekuwa ameolewa jirani, alinitumia ujumbe kwamba mama yake hataki waombaji, anataka mke wa karani. Nilikwenda Kiruruma kwa miguu nikakaa majuma matatu. Alikuwa halali kwa maumivu, na katika kukesha mimi nilikuwa na uzoefu kuliko mtu yeyote wilayani. Hakutaka nimsomee. Alitaka nimwambie habari za watu: nani amegombana na nani sokoni, nani ameezeka bati na bado anadaiwa mahari, mwinjilisti ameoa mwanamke wa namna gani. Nilimweleza yote, nikiongeza chumvi. Wakati mwingine alisema kwamba huo ni usengenyaji, kisha akaniambia niendelee.

Alikata roho alasiri moja, saa tisa au kumi, jua likiwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nimeegemea ukuta, katikati ya habari ya mwanamke mmoja wa Murongo, na usingizi ukanichukua. Majuma matatu nilikesha naye, na saa ile nililala. Nilipoamka binti yake alikuwa amekwisha kumfunga kidevu na kumfunika, na watu walikuwa uani. Nilimwuliza kwa nini hakuniamsha. Alisema mama yake alimwonya kwa mkono asiniguse, kisha mama mwenyewe akageuza uso ukutani.

Nilinawa uso, nikafunga khanga kiunoni, nikaenda uani kusaidia kumenya ndizi za waombolezaji.